Neno Mutua Alilomwita Baba

Juzi umeme ulikatika tukiwa nyumbani kwa wifi yangu, na shati la mumewe la kwenda msibani lilikuwa bado halijapigwa pasi. Wifi akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na pasi ya makaa, ile nzito yenye jogoo wa chuma mbele. Akanyunyiza maji kwa vidole, akaishusha pasi kwenye ukosi, na mvuke ulipopanda ikabidi nishike fremu ya mlango. Ilikuwa ile harufu ya pamba iliyolowa ikikaribia kuungua lakini haiungui. Wifi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimemkumbuka Baba tu. Sikumwambia kwamba pamoja na Baba nimelikumbuka neno moja la Kiingereza ambalo lilitukalia nyumbani miezi mingi, nikiwa mtoto wa kuvaa sare mpya kubwa ili nizikulie.

Baba alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya ufuoni Bofa, Kilifi. Sisi tulikaa upande wa ndani wa barabara, kwenye vyumba vya kupanga vilivyopangana kama mabehewa, katikati ya mikorosho. Kila asubuhi alijipigia pasi shati lake jeupe. Mama hakuruhusiwa kuligusa, si kwa ubaya, ila Baba alisema mikunjo ya mikono anaijua mwenyewe. Alikuwa na jino la mbele lililomeguka pembeni, alilivunja utotoni alipoanguka kutoka kwenye mkorosho, na kwa ajili ya jino hilo alijifunza kutabasamu mbele ya wageni midomo ikiwa imefumbwa. Nyumbani alicheka kinywa wazi. Mimi nilimjua Baba wa kazini na Baba wa nyumbani kwa jino hilo.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Mutua, mpishi wa hoteli hiyohiyo, Mkamba aliyekuja pwani kijana akaoa na kubaki. Alikaa chumba cha tatu kutoka chetu. Sauti yake ilikuwa kubwa, mkono wake mwepesi kugawa, na hakukosa kutuletea ukoko wa wali wa hotelini uliofungwa kwa jani la mgomba. Kila nilipomwambia shikamoo alijibu, "Marahaba, bosi wangu," na mimi nikaamini kwamba mahali fulani, kwa utaratibu fulani wa watu wazima, kweli mimi ni bosi wake.

Mwaka ule ninaousema, hoteli ilipata meneja mpya, na habari zikaanza kuzagaa kwamba itafungwa kabla ya masika ili itengenezwe. Kufungwa si jambo geni Bofa. Mvua zikija wageni huondoka na hoteli nyingi hulala. Kilichowatia watu hofu ni kwamba huyu mpya hakusema kama watakaorudi baada ya mvua ni walewale. Wafanyakazi wakakutana uani kwetu Jumapili, chini ya kamba za nguo. Nakumbuka wanaume waliinama kukwepa shuka. Aliyezungumza zaidi ni Nyevu, mama wa Ganze aliyekuwa dobi wa hoteli, mwanamke mrefu mwenye mikono iliyochubuka kwa sabuni.

"Aende Katana," alisema. "Anajua kuzungumza na wakubwa bila kujikunyata na bila kufoka. Awe msemaji wetu."

"Mimi naunga mkono," Mutua akanguruma. "Na Kiingereza anacho."

Wakapiga makofi. Baba akacheka kinywa wazi, jino lote nje.

Nilidhani msemaji ni cheo, kama kiranja mkuu wa shule, na kwamba Baba atapewa beji. Jioni nilikagua shati lake nione beji itakaa wapi. Niliamua ikae juu ya mfuko.

Alikwenda kumwona meneja mara ya kwanza akarudi ametulia. Alikaribishwa kiti, alituambia, akaletewa soda kwenye glasi na barafu, kama mgeni. Kuletewa soda na mhudumu mwenzake kulimtia haya kidogo, na kulimfurahisha kidogo. Meneja alimsikiliza. Akaambiwa arudi. Akarudi. Ikawa akitoka zamu anaitwa ofisini, na akifika nyumbani chakula kimeshapoa.

Usiku mmoja tukiwa tunakula, Mama alimuuliza mambo yamefika wapi. Baba akasema, "Tunafikiria kufunga mapema kidogo, kabla ya mvua kuchanganya. Tukichelewa paa litatusumbua."

Mama akaacha tonge hewani. "Tunafikiria? Nyinyi nani?"

"Hoteli."

"Ehee," Mama akasema, akalirudisha tonge sahanini.

Sikuelewa kilichomkera. Kwangu mimi ilikuwa fahari. Baba wa watoto wengine alifanya kazi hotelini. Wangu alikuwa ndiye hoteli yenyewe.

Siku ya kufunga Mama alinituma nimpelekee Baba mwavuli, kwa hiyo nilikuwepo. Wafanyakazi walikusanyika nje ya geti, na mifuko yao ya rambo, na Baba akapanda juu ya kreti la soda. Meneja hakutoka. Baba alivaa shati lake jeupe ijapokuwa hapakuwa na mgeni wa kumhudumia. Akasema hoteli inawashukuru. Akasema hoteli inawaomba wawe na subira, na mvua zikiisha kila mtu ataitwa arudi mahali pake. Mtu mmoja akauliza, "Tutaitwa sote?" Baba akajibu, "Sote. Hoteli imesema." Na akatabasamu, na hata mimi mtoto nikaona kwamba lile lilikuwa tabasamu la kazini, midomo imefumbwa. Nilidhani ni kwa sababu ya mvua iliyoanza kumdondokea usoni.

Watu walimwamini, wakatawanyika. Nyevu akarudi kwao Ganze kulima. Mutua akabaki, akawa anakaanga viazi karai kando ya barabara, akituahidi kwamba hoteli ikifunguliwa ataviacha vyote hapohapo, na karai na mafuta.

Mvua zikaisha. Baba akaitwa. Alipiga shati lake pasi, akaenda, akarudi jioni hajavua viatu mlangoni kama kawaida yake. Aliketi kitandani navyo. Nilimsikia akimwambia Mama kwamba jikoni wako watu asiowajua, vijana walioletwa na wakala kutoka mbali. Na udobi pia. Na bustani. Wa zamani waliorudishwa ni wachache, na yeye ni mmoja wao.

"Umemuuliza meneja?"

"Nimemuuliza. Ameniambia nieleze watu kwamba mambo yamebadilika."

"Nawe utawaelezaje?"

Baba akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.

Hakupata hata nafasi ya kueleza, maana habari ilimtangulia. Kesho yake mchana, Baba akiwa anajiandaa kwa zamu, Mutua alikuja. Hakubisha hodi. Alisimama mlangoni na aproni yake ya kukaangia viazi, na mimi niliyekuwa nimekaa kizingitini nikakumbatia magoti ili apite. Hakupita.

"Katana, wewe ulijua?"

"Wallahi sikujua, Mutua."

"Ulipanda pale juu ukatuambia sote. Sote! Mimi nikaambia mke wangu, usihangaike, Katana amesema."

"Ndivyo nilivyoambiwa niseme."

"Ndio hivyo!" Mutua akapiga fremu ya mlango kwa kiganja. "Ndio hivyo! Wewe sio msemaji wetu. Wewe ni mausipisi yao tu. Mausipisi!"

Akageuka akaenda zake. Baba alibaki na kifungo cha mkono wa kulia mkononi, hajakifunga. Kisha akakifunga, akaenda kazini.

Mausipisi. Nililigeuza neno lile kichwani mchana kutwa. Kiingereza changu kilikuwa cha darasani, lakini vipande vyake viwili nilivijua. Mausi ni mdomo. Tuliuimba ule wimbo wa viungo vya mwili kila asubuhi. Pisi ni kipande. Kipande cha chaki, kipande cha mkate. Kwa hiyo Mutua alikuwa amemwita Baba kipande cha mdomo. Na jambo likanijia wazi, likanichoma: alikuwa amemcheka jino. Rafiki yake wa siku zote, aliyemwona akicheka uani kwetu bila kujificha, amemtukana kwa kile kipande kilichomeguka.

Nikamnunia Mutua kwa nguvu zangu zote. Nilipompita na karai lake nilitazama upande wa pili. Mama aliniona, akanifinya sikio. "Tangu lini unampita mtu mzima bila shikamoo?" Nikakaza shingo. Mutua alisema, "Mwache, Mama Kadzo," kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuijua kwamba anayo.

Nyumbani Baba akaacha kucheka. Alikuwa akiongea kinywa kikifunguka kidogo tu, na hilo likanithibitishia kila kitu. Jioni moja akiwa anapanga makaa kwenye pasi, nilimsogelea nikamwambia nililolibeba.

"Baba, jino lako si baya."

"Jino gani?"

"Hilo. Mutua alisema ni kipande cha mdomo, lakini si baya. Ukicheka ni zuri."

Alinitazama. Kisha akalishika lile jino kwa ulimi, akaelewa, na akacheka mpaka machozi yakamtoka. Tena yaliendelea kutoka baada ya kicheko kuisha. Akanivuta karibu, mikono yake inanuka makaa.

"Si jino, mwanangu. Lile neno maana yake ni msemaji."

"Si ndivyo walivyokuchagua? Uwe msemaji?"

"Ndivyo."

"Sasa mbona alikasirika?"

"Muulize mwalimu wako wa Kiingereza," akasema. Nadhani hakutaka kunikimbia. Nadhani alikuwa anataka kusikia jibu lenyewe kutoka kwa mtu mwingine.

Mwalimu wangu alikuwa Mwalimu Rukia, mtu wa Malindi mjini, aliyesema Kiswahili cha kwao kwa utulivu hata akikugombeza ungedhani anakusomea dua. Nilimfuata baada ya kengele. Aliniandikia neno ubaoni, *mouthpiece*, na nikashangaa lilivyo na herufi nyingi kuliko lilivyotoka kinywani mwa Mutua.

"Mwanzo wake ni kitu, si mtu," alisema. "Umeiona tarumbeta ya harusi? Ile sehemu ndogo mpigaji anayoitia mdomoni, ndiyo hiyo. Na simu ya mezani, pale unaposemea. Halafu watu wakalichukua wakamwita nalo mtu anayewasemea wenzake. Kwa hiyo ni msemaji, naam."

"Basi ni neno zuri?"

Akaifuta chaki vidoleni. "Hapo sasa. Mtu akimheshimu msemaji, kwa Kiingereza atamwita kwa neno jingine. Hili hulitoa akiwa na uchungu. Anakuwa kama anasema: wewe umetoa mdomo tu, maneno ni ya mwenye kupuliza. Si tusi la kupigiwa viboko, lakini hakuna apendaye kuitwa. Nani kaitwa?"

"Hakuna," nikasema, na mwalimu kwa adabu yake hakuniuliza tena.

Nilipomweleza Baba, nilimweleza neno kwa neno, pamoja na tarumbeta na simu. Alikuwa anavua viatu. Aliposikia "umetoa mdomo tu" alisimama na kiatu kimoja mguuni, akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei na akaona ni bei ya haki.

Jumamosi iliyofuata hakuwa na zamu. Akaniambia nivae, tunakwenda Ganze.

Tulipanda pikipiki mpaka lami ilipoishia na mbele zaidi, kisha tukatembea. Huko mvua zilizotufurikia sisi Kilifi zilikuwa zimepita kwa mbali tu. Mahindi yalisimama membamba, majani yamejikunja. Tulipishana na akina mama wenye madumu ya maji kichwani, na magunia ya makaa yamesimamishwa kando ya njia kusubiri mnunuzi. Nilichoka nikabebwa. Shati la Baba, jeupe kama kawaida, likawa na ramani nyekundu ya vumbi mgongoni nilipolalia.

Nyevu tulimkuta anaparua majivu kwenye tanuru la makaa. Mikono ile iliyochubuka kwa sabuni sasa ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko. Alitukaribisha, akanipa kigoda, akatuletea maji kidogo kwenye kata na kusubiri tunywe. Hakuuliza lililotuleta.

"Nyevu," Baba akaanza, "nimekuja kwa yale niliyowaambia pale getini."

"Mbona mimi sikukutukana? Nimesikia Mutua alikutukana. Mimi nimekaa kimya kwangu."

"Ndiyo maana nimeanza na wewe."

Nyevu akaketi chini, miguu ameinyoosha. "Haya, sema."

"Sikujua kwamba ni uongo. Lakini pia sikuuliza. Nilipewa maneno nikayaleta kama yalivyo."

"Hilo nimelifikiria sana huku," Nyevu akasema. Hakuwa na hasira, na nadhani Baba angependelea hasira. "Sisi tulikutuma upeleke yetu kule. Sasa nani alikutuma ulete yao huku?"

Baba akafikiri.

"Hakuna," akasema. "Nilijituma. Nilipendezwa kuitwa ofisini."

Nyevu akaitikia kwa kichwa. Akachukua kijiti akachokoa majivu yaliyoingia chini ya kucha. "Haya, nimesikia. Lakini kuniambia mimi hapa na kuku wangu hakunirudishi kazini. Kayaseme mahali yatakapoandikwa. Nenda ofisi ya kazi ya serikali. Na mimi nitakuja nikusikie."

Njia nzima ya kurudi Baba alinibeba mgongoni. Mimi nilimhesabia punda.

Ofisi ya kazi nilikwenda na Mama, kwa sababu hapakuwa na wa kuniachia. Kilikuwa chumba kidogo chenye mabenchi, na kilijaa wafanyakazi wa zamani. Mutua alikuwa nyuma kabisa, amesimama, amekunja mikono. Meneja alikaa mbele. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, na alimuuliza Baba swali kabla hajafungua kinywa.

"Bwana Katana, wewe bado ni mfanyakazi wa hoteli. Leo unazungumza kwa niaba ya nani?"

Baba alikuwa amezoea swali kama hilo kuwa na jibu: wafanyakazi, au hoteli.

"Kwa niaba yangu," akasema.

Kisha akaeleza. Alieleza aliitwa na nani, wakasimama wapi, kando ya bwawa la kuogelea lililokuwa linatolewa maji. Aliambiwa aseme nini, na akakisema. Meneja akasema hakutoa ahadi yoyote, alitoa matumaini tu. Baba akamgeukia. "Neno ulilonipa ni *sote*," akasema. "Matumaini hayakuwemo." Sijawahi kumsikia Baba akimkatalia mtu mwenye tai. Kinywa chake kilikuwa wazi, jino likionekana na chumba kizima. Nyevu akasimama akasema ndivyo walivyoambiwa wote, na wengine wakasimama. Mama alinishika mkono akaubana hadi ukauma.

Mambo hayakuisha siku ile. Yalivutana mpaka karibu na msimu wa wageni. Mwishowe ikakubaliwa wa zamani warudishwe kwanza, na wengi wakarudi. Nyevu akarudi udobi. Mutua akaliuza karai lake, ingawa alikuwa ameahidi kuliacha barabarani. Baba naye, mkataba wake ulipofika mwisho, hakuna aliyemwita ofisini wala aliyemletea soda. Alipewa mkono wa kwaheri tu. Alikaa nyumbani kwa muda, akamsaidia Mama kuuza mahamri, halafu akapata kazi kwenye nyumba ya wageni Malindi, akawa anakuja mwisho wa wiki.

Katika muda huo wote Mutua hakukanyaga kwetu. Nilidhani bado ana hasira. Sasa, nikiwa na umri wao wa wakati ule, nadhani ilikuwa haya. Anayekwenda kazini kila asubuhi akipita mlango wa asiye na kazi huona njia ni nyembamba.

Mutua akaja Jumapili moja Baba akiwepo, baada ya kanisa, na mkewe, amevaa koti. Nikamwamkia, safari hii bila kufinywa. Tukala wali na mbaazi. Wakazungumza juu ya mvua, juu ya bei ya nazi, juu ya vijana wa jikoni wasiojua kuchuja tui. Neno lenyewe halikuguswa, na mimi niliyekuwa nikilisubiri mlo mzima nikachoka kulisubiri. Walipokuwa wanaaga, ndipo Mutua akainama mbele yangu, kama mtu anayetaka kufunga kamba ya kiatu.

"Kadzo, siku ile mlangoni, kuna neno nilimwita babako. Ulilisikia?"

"Nililisikia."

"Basi nilikosea. Nataka ujue nilikosea. Lile neno halikuwa lake."

Nikamtazama Baba nione atafurahi. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mkono mmoja juu ya egemeo.

"Hukukosea, Mutua," akasema. "Siku ile lilikuwa langu."

Mutua akainuka. Mkewe akatazama ukuta. Kisha Baba akachukua kofia yake, akasema, "Twende nikusindikize," na wale wawili wakatoka pamoja, wakaivuka barabara bila kusemezana, wakashuka na njia ya mchanga inayokwenda baharini, ambayo haikuwa njia ya nyumbani kwa Mutua hata kidogo. Mkewe alitaka kuwaita. Mama akamwambia, "Waache," akamvutia kiti, akampa chai nyingine.